Salfa Isifike Minazini

Hapa Makote mtu akiwa na neno gumu la kumwambia jirani yake na anaona haya kulisema, huja kwangu. Marehemu mume wangu aliniita redio isiyo na kitufe cha kuzimia. Sikasiriki. Mdomo nimezaliwa nao, na umenisaidia mara nyingi kuliko ulivyoniponza. Lakini msimu uliopita wa maua ya mikorosho nilikutana na jambo ambalo mdomo wangu ulilikimbia, na mpaka leo nikilikumbuka namshukuru Mungu, nawashukuru wadudu wadogo kuliko chembe ya chumvi, na namshukuru Mmakua mmoja mzaliwa wa Lukuledi.

Jambo lenyewe ni minazi ya mama yangu, Bi Stamili.

Kwa watu wa pwani mnazi si habari. Hapa juu kwetu Newala ni habari. Ardhi yetu ni ya mikorosho, mihogo na mbaazi, na maji zamani tulikuwa tunayafuata bondeni. Unateremka alfajiri na ndoo tupu, unapanda na ndoo iliyojaa huku jua limeshakukalia utosini. Mama alikwenda harusini Mikindani akiwa bado msichana wa juzi kuolewa, akarudi na nazi za mbegu ndani ya gunia. Watu wakamcheka. Wakamwuliza atazinywesha nini, mate? Yeye akazipanda, nyingine mbele ya nyumba na nyingine nyuma, kisha akawa anatuogesha watoto wake tumesimama kwenye mashina. Leo unaoga kwenye huu, kesho kwenye ule. Maji ya kuoshea vyombo yakaenda huko, ya kunawia mikono yakaenda huko. Minazi ikaota kwa uchafu wetu, na waliocheka wakaja baadaye kuomba nazi za kupikia futari.

Sasa mama amezeeka, magoti yamegoma. Asubuhi namtoa kibarazani, namweka kwenye mkeka wake, naye kitu cha kwanza anachouliza si chai. Anauliza, "Imeamkaje?" Anaulizia minazi.

Mwaka juzi mmoja wa ile ya mbele ukaanza kuinamisha makuti kama mtu mwenye homa. Nikaweka sikio kwenye shina, nikasikia wanatafuna. Sidanganyi, ukitulia unasikia kabisa meno yao yakifanya kazi humo ndani. Ulipoanguka nikaupasua kwa shoka, nikakuta mabuu meupe, manene, na fukusi wakubwa wakitembea humo kama wenye nyumba. Mtu wa huku akisikia fukusi anafikiria mahindi ya ghalani. Huyu si wa ghalani. Ni mweusi, ana urefu wa kidole gumba, na domo lake limechongoka kwenda mbele kama anataka kukuuliza swali. Mwaka uliofuata ukaanguka mnazi wa pili, tena wa mbele.

Mama aliuona unaanguka. Hakulia. Jua lilipogeuka akasema, "Hamida, mimi nilitaka niiache. Sikutaka iniache."

Maneno hayo yalinikata. Kila kitu nilichofanya baada ya hapo nilikifanya kwa sababu ya maneno hayo.

Sasa nieleze habari za jirani yangu. Anaitwa Kasiani, Baba Dickson. Ni Mmakua, alioa hapa Makote na shamba lake la mikorosho limepakana na kiwanja chetu upande wa mbele. Mimi Mmakonde, yeye Mmakua, kwa hiyo sisi ni watani, na ule utani tunauishi hasa. Akipita na shati jipya namwuliza kamwibia marehemu gani. Nikipika wali ananusa uani kwangu na kusema, "Leo Wamakonde wamekosa panya." Akikuta kuku wangu njiani anaweza kumkamata, akamfunga miguu, na mimi sina ruhusa ya kununa. Nitamkomboa kwa kitu atakachotaka yeye, na watu watacheka. Ndivyo ilivyo. Na jambo moja zaidi: mtani hashukuriwi. Mtani akikufanyia wema unamtukana kidogo, naye anajua umeshukuru.

Kasiani ana mashine ya kupulizia salfa, ile ya kubebwa mgongoni yenye injini. Anayelima korosho hahitaji kuelezwa salfa, lakini kwa asiyejua: maua ya mkorosho hupata ugonjwa wa ubwiriunga, yanapakwa unga mweupe kisha yanakauka, na korosho huzioni. Dawa yake sisi tunaijua ni salfa, unga wa manjano unaopulizwa alfajiri umande ukiwapo. Na kwa kuwa salfa imetuponyea mikorosho, basi kwetu imekuwa dawa ya kila kitu. Mbuzi ana ukurutu, salfa. Mtoto ana upele, salfa na mafuta ya nazi. Kuku wana utitiri, mwaga salfa bandani. Nimeshamwona mtu akiipaka salfa kwenye tairi la baiskeli, na sikumwuliza anatibu nini.

Kwa hiyo Kasiani alipoona mnazi wa kwanza umeanguka, aliumia kwa ajili ya mama yangu. Tangu msimu ule, machipukizi ya maua yakianza tu, kila akimaliza mstari wake wa mikorosho ya mpakani, aliinua bomba juu na kuipulizia minazi yetu ya mbele bila kuombwa. Makuti yakawa ya manjano. Mama akamwombea dua. Mimi nikamtukana vizuri sana, kwa maana ya kumshukuru. Na minazi ikazidi kuugua.

Mnazi wa tatu ulipoanza kuinama niliamua kukamata fukusi. Niliweka vipande vya miwa iliyochacha kwenye ndoo mbili, moja chini ya minazi ya mbele, nyingine nyuma ya nyumba, maana nilitaka kuona wameenea kiasi gani. Wakanasa pote. Nikampigia simu Flora, afisa ugani wetu. Ni binti mpole, hupanda bodaboda kutoka Newala mjini na buti zake za mvua hata wakati wa kiangazi.

"Shikamoo, Mama Ashraf."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone hawa washenzi."

Alipofika nikammwagia kwenye ungo fukusi wa ndoo ya nyuma. Walikuwa wazito, wanajikokota. Flora akamshika mmoja, akafunua mabawa yake magumu kwa ncha ya kijiti, na ndani yake kukawa kumejaa vidudu vya rangi ya kahawia, vidogo mno, vimesongamana kama ufuta kwenye mkate. Nikarudi nyuma. Mimi na utitiri hatupatani. Ulishanimalizia kuku wote bandani.

"Utitiri," nikasema. "Mpaka fukusi nao wana utitiri. Nilete salfa?"

"Subiri kwanza, mama. Nionyeshe wale wa mbele."

Nikammwagia wa mbele kwa fahari kidogo, maana hawa walikuwa safi. Weusi, wanang'aa, wanakimbia ovyo kwenye ungo, na mmoja akaruka akapotelea juu ya paa. Flora akawafunua mmoja mmoja. Hakukuta kitu. Akawatazama hawa, akawatazama wale, halafu akainua macho kuelekea mikorosho ya Kasiani.

"Mama Ashraf, hawa walio safi ndio wazima," akasema. "Na fukusi mzima ni hasara kwako."

Akanieleza taratibu. Utitiri ule si wa kuku, ni wa kwao fukusi. Mwingine hupanda tu juu yake kama abiria asiyelipa nauli, lakini mwingine humnyonya na kula mayai yake. Fukusi aliyebebeshwa hivyo haruki mbali, hazai sana, hafiki uzee. Hawamaliziki wote, akasema, ila wanapungua, na mnazi unapata nafasi ya kupumua. Wataalamu bado wanachunguza ni upi hasa unaofanya kazi hiyo na kwa kiasi gani, kwa hiyo yeye hawezi kuniahidi.

"Lakini mama, salfa huua nini kwenye upele wa mtoto?"

Upele wa mtoto ni vidudu vinavyochimba ngozi. Ni jamaa wa hao hao utitiri. Tumewapaka watoto wetu salfa miaka yote ili kuwaua, na hakuna aliyefikiria kwamba juu ya mnazi itawaua ambao tungetaka waishi. Kasiani kwa huruma yake alikuwa anawaogesha fukusi wetu wakawa safi.

Flora akaniagiza mambo mengine pia: kuchoma kila shina lililoanguka, kutougusa mnazi kwa panga ovyo, na kuziba kila jeraha kwa tope na majivu. Hayo ni ya mikono yangu, nikayafanya. Lakini kubwa ni kwamba salfa isifike minazini. Na si ile ya makusudi tu. Upepo wa alfajiri hapa kwetu hutoka upande wa shamba, na ile mashine ya Kasiani ikinguruma kwenye mstari wa mpakani, vumbi linatua mpaka kwenye mkeka wa mama.

Hapo ndipo mdomo wangu uliponikimbia. Kumwambia asiinue bomba kwenye minazi ni rahisi. Lakini kumwambia asipulize kabisa mstari wa mpakani ni kumwambia auache uungue na ubwiriunga. Na ule ndio mstari wake mzuri kuliko yote, mikorosho mikubwa inayozaa mpaka matawi yanagusa chini. Mtu ana watoto shuleni Masasi. Ningeanza vipi? Kwa siku nyingi nilikwenda mpaka mpakani, nikamtukana habari nyingine kabisa, nikarudi. Na maua yalikuwa yanaanza.

Kama si utani sijui ningefanya nini. Alfajiri moja nilimwona ameiegemeza mashine yake kwenye mkorosho wa mpakani, akaenda kuchukua petroli nyumbani kwake. Sikufikiria sana. Nikaivaa mgongoni, nzito hiyo, nikaenda nayo mbio mbio mpaka kibarazani, nikaiweka kando ya mama, kisha nikapaza sauti majirani wasikie: "Nimekamata! Mtani wangu nimemkamata!"

Watu wakaja wanacheka. Kasiani naye akaja na kidumu chake cha petroli, anacheka kuliko wote.

"Mmakonde, umeanza wizi asubuhi yote hii? Haya, sema. Kuku?"

"Kuku wako wamekonda. Sitaki."

"Debe la muhogo?"

"Sitaki."

"Basi nichukue mimi mwenyewe, ila chakula changu hukiwezi."

Watu wakaangua kicheko. Nikangoja kiishe. Nikasema, "Nataka mstari wa mpakani usiguswe na salfa mpaka maua yaishe."

Kicheko kilikufa pale pale. Hata waliokuja na watoto mgongoni waliacha kuwatikisa. Nikamweleza yale aliyonieleza Flora, ya utitiri na ya upele. Kasiani alisikiliza huku anatazama makuti ya manjano aliyoyapaka yeye mwenyewe kwa nia njema. Halafu akamtazama mama. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, anajifunga vizuri kitambaa chake.

"Mtani," Kasiani akasema, "leo umekamata kizito."

Akachukua kidumu chake akaondoka. Mashine hakuichukua.

Nikajua atairudia mchana. Hakuja. Kesho yake hakuja. Maua yalikuwa yameshafunguka shamba zima na kila nyumba ya Makote ilikuwa inanguruma alfajiri isipokuwa ya Kasiani. Mashine ikakaa kibarazani kama mgeni aliyenuniwa. Mama akaanza kuniandama.

"Mtu haachi mashine yake wakati wa maua, Hamida. Umemwudhi mtoto wa watu."

"Ni utani, mama."

"Utani una mwisho wake. Shamba lake lote litaungua kwa ajili ya minazi yangu. Mrudishie. Kama ni kufa, itakufa."

Alilisema hilo akiwa ameugeuza uso wake ukutani, asiione minazi yenyewe. Sikuweza kula siku ile. Asubuhi yake nikaibeba tena mashine mgongoni, nikavuka mpaka. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kuomba radhi, maneno ambayo sina mazoezi nayo.

Nilimkuta katikati ya shamba. Kwanza sikumtambua, alikuwa wa manjano kuanzia nywele mpaka vidole vya miguu, macho mekundu, ameshika kipulizio kizee cha mkono, kile cha kuzungusha kama kinu cha kusagia nyama. Alikizungusha chini ya tawi, kikatoa vumbi kidogo kama kikohozi cha mzee, akasogea tawi lingine. Mkorosho mmoja unaopulizwa na mashine kwa muda wa kufumba na kufumbua, yeye aliuzunguka wote kwa miguu. Nikatazama kuelekea mpakani. Mstari wa mpakani haukuguswa. Na ule wa pili yake pia haukuguswa, ambao mimi wala sikuuomba.

"Hiki kidude umekitoa wapi?" nikauliza.

"Kwa shemeji yangu Masasi. Kilikuwa kwenye stoo, kuku wanatagia."

"Na mashine yako nzima umeniachia mimi? Nimekukosea, Baba Dickson?"

Akasimamisha mkono, akajifuta uso, akawa amejipaka zaidi.

"Hukunikosea. Ile mashine ina nguvu, ukiiwasha huku vumbi linafika kwa mama. Hiki hakifiki popote. Halafu mimi ni binadamu, mtani. Nikiwa nayo ndani, iko siku nitaamka nimechoka, nitaona maua ya mpakani yanaungua, nitaiwasha. Nikaona bora ikae pale kwenu. Isinijaribu. Na mama akiiona kibarazani, anajua kwamba leo hapulizwi."

Nilitaka kumtukana. Nilijaribu kweli. Nikaishia kuutua mzigo wangu chini ya mkorosho, nikamnyang'anya kile kidude, nikaanza kuzungusha mimi. Msimu ule wote tulipokezana, yeye na mkewe na mimi, kila alfajiri, na mashine nikairudisha kibarazani ilipokuwa.

Mstari wa mpakani uliungua. Sitalipamba hilo. Maua yalikauka mengi, na wa pili yake ukazaa kwa kujikongoja. Kasiani alipita chini yake kila siku na hakulalamika. Upande wetu, mnazi ule wa tatu haukupona. Ulianguka kabla ya korosho kuiva, na tukauchoma. Lakini ule ulioufuatia, ambao ulikuwa umeshaanza kuinama na nikiutegea sikio nasikia wanatafuna, ukanyamaza. Kwenye ndoo ya mbele nikaanza kunasa fukusi wazito wanaojikokota, na nikiwafunua nawakuta wamejaa abiria. Mimi niliyeuchukia utitiri maisha yangu yote nilikuwa naita watu waje wauone. Mvua za kwanza zilipoanguka, mnazi ule ukachomoza kuti changa katikati, limesimama wima. Ukabaki umeinama shina, lakini kichwani ni mzima. Mingine ya mbele haikuugua tena mpaka leo.

Korosho zilipokwisha kuokotwa, Kasiani akaja kuchukua mashine yake. Alikuja kwa adabu zote za utani, na jogoo kwapani, wa kukomboa.

"Shikamoo, mama," akamwamkia mama.

"Marahaba, mwanangu."

"Haya, Mmakonde. Jogoo wako huyu. Hajakonda."

Sikumpokea jogoo. Nikasimama mbele yake, nikasema, "Kasiani. Asante."

Sikumwita mtani, wala Baba Dickson. Nililisema kavu kavu, kama mtu anavyomshukuru asiyemjua. Akanitazama kwa wasiwasi.

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nimekushukuru. Nimechoka kukaa nalo moyoni. Umeunguza mali yako ili mama yangu aamke aone miti yake. Asante."

Akageuka kwa mama kutafuta msaada, maana mimi nilikuwa nalia na yeye hakujua aweke wapi macho. Mama akamwashiria akae. Kwetu miti na ardhi ni mali ya ukoo, hutoka kwa mama kwenda kwa watoto wa kike. Mgeni unaweza kumpa nazi. Mnazi humpi. Tangu minazi yake ianze kuzaa, mama hajawahi kumpa mtu mnazi, na walioomba ni wengi, mpaka wajomba zangu.

"Ule ulioinama ni wako," mama akamwambia. "Ardhi ni ya Hamida, mnazi ni wako, na wewe ukifa ni wa mwanao. Nimeshamwambia kila mtu wa ukoo. Sasa ukitaka kuupuliza salfa, shauri yako."

Kasiani alicheka kidogo, kisha kicheko kikamwishia. Aliutazama mnazi, jogoo bado yuko kwapani.

"Siupulizi, mama," akasema, akaketi kwenye mkeka kando yake.